Kabati la Gemu la Kaka Rama

Usiku ule nilioga mara tatu, na bado nililala nikijinusa vidole. Si kwamba nilikuwa nanuka gundi. Gundi nimeizoea, mimi ni fundi wa makabati ya jikoni hapa Morogoro, na harufu ya gundi kwangu ni marashi. Iliyogoma kutoka ilikuwa harufu ya ndani ya mashine ya gemu ya kaka yangu, marehemu Rama. Mchana wake nilikuwa nimeifungua kwa bisibisi nikakuta mende wameifanya mji wao, wazima kwa wafu, na mayai yao yameganda kwenye pembe kama maharage yaliyoungulia sufuriani.

Ngoja niseme mapema, mimi nina kinyaa, na sijifichi. Wapo wanaoogopa nyoka, wapo wanaoogopa giza. Mimi naogopa ute, usaha, makombo, nywele kwenye sabuni, na glasi iliyokwisha guswa na midomo ya mtu mwingine. Nikila mchuzi nikaona kitu kinaelea nisichokijua, siku hiyo nimeshiba. Watu wanasema ni maringo. Maringo gani ya kumtapisha mtu kwenye harusi ya rafiki yake mbele ya wazee? Tumbo langu ndivyo lilivyoumbwa, na nimeishi nalo tukigombana.

Kaka Rama alikuwa kinyume changu kabisa. Tulipokuwa vijana alifungua kibanda cha gemu ubavuni mwa nyumba yetu. Alikuwa na TV mbili za kichogo, mashine mbili za kizamani zile za kaseti, benchi moja, na kundi la vijana wanaonuka jasho kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Kaseti zenyewe zilikuwa vipande vya plastiki vyenye gemu ndani, na kwa chini vina meno ya shaba. Kaseti ikigoma dawa ilikuwa moja tu, unaichomoa, unayapuliza yale meno kwa mdomo, unairudisha. Ikigoma tena anapuliza mwingine. Kaseti moja ilikuwa inapita midomo kumi kwa siku, na hakuna aliyejali.

Mimi nilikuwa nacheza kuwashinda wote pale, waulizeni waliobaki, lakini sijawahi kupuliza kaseti maishani mwangu. Kaka Rama ndiye alikuwa ananipulizia. Alikuwa anapuliza, anaifuta kwa shati lake kwa sababu ananijua, anairudisha, ananikabidhi pedi, ile ya vitufe inayoshikwa mkononi, na kuniambia, "Haya, malkia, cheza."

Alifariki mwaka jana. Sukari ilimla mguu, kidonda kikagoma kupona, akalala chumba cha uani miezi mitano mpaka siku ya mwisho. Hata arobaini yake haijatulia vizuri, mama akapigwa na kiharusi. Tukamlaza chumba kilekile. Upande wa kushoto haufanyi kazi, mdomo umepinda, mate yanamtoka, na haja zake hawezi kuzizuia. Jirani yetu Mama Shukuru anakuja asubuhi na jioni kumwosha. Mimi nilikuwa nampelekea chakula, naweka, natoka. Mlango wa chumba kile nilikuwa naufunga muda wote ili harufu isije ukumbini.

Sasa hilo kabati. Nilitaka kujenga kabati la gemu la kusimama, lile ambalo mtu anacheza wima, juu kuna kioo cha TV, usawa wa tumbo kuna vitufe na mkono wa kuchezea, na ndani kabisa imefichwa mashine ya Kaka Rama yenyewe. Watu niliwaambia ni kumbukumbu ya kaka yangu. Wakanisifu, wakasema dada ana moyo. Lakini moyoni nilijua nilichokuwa natafuta. Nilitaka kitu cha Kaka Rama ambacho hakinuki.

Na kabati la namna ile linataka chumba. Wiki mbili kabla ya usiku ninaousimulia niliingia chumba cha uani na futi yangu ya chuma nikapima ukuta, mama akiwa amelala. Futi niliivuta juu ya miguu yake, kutoka ukuta huu mpaka ule. Akaniuliza kwa ule mdomo wake wa upande, "Unapima nini, Mwana?"

Nikamwambia, "Pazia, mama."

Mambo yalikuwa yameshapangwa. Jumamosi asubuhi gari lilikuwa linakuja kumpeleka Kilosa kwa mama mdogo, ambaye naye ni mzee, hasikii vizuri, na choo chake kiko mbali na nyumba. Nilisema hewa ya kule itamfaa. Mama hakutaka kwenda. Alisema mara moja tu, "Mimi hapa nimezoea," na mimi nikajifanya sikusikia. Usiku ninaousimulia ni wa kuamkia hiyo Jumamosi.

Ijumaa kutwa nilikuwa ukumbini namalizia kazi. Kabati lilikuwa zuri, sitasema uongo. Plaiwudi nzuri, foma nyeupe, ile karatasi ngumu ya kubandika juu ya mbao, nje na ndani, kingo nimezipiga msasa mpaka mtoto anaweza kulala juu yake, vitufe vyekundu vipya. Jeupe kama jokofu lililotoka dukani. Kilichobaki ilikuwa kusafisha mashine. Mende niliwafagia kwa brashi huku nimejifunga kanga puani. Zile pedi za zamani, nilipozifungua, chini ya vitufe nikakuta uji mweusi mzito, nongo za vidole vya Kaka Rama na vya kijiji kizima cha vijana wake. Nilizishika kwa koleo nikazitupa kwenye pipa la jikoni. Kisha nikaichukua kaseti, ile aliyoipenda, nikayasugua meno yake kwa stilwaya ya kusugulia masufuria. Nilisugua kwa hasira. Nilisugua mpaka yakang'aa, na kung'aa kwenyewe, kumbe, ndiyo yalikuwa yanakwisha. Mimi ni fundi wa mbao, si wa umeme, na sikuona haja ya kumwuliza mtu namna ya kusafisha uchafu. Hilo la usafi nilidhani nalijua kuliko wote.

Nikawasha. Kioo kikawaka cheupe, hakuna kitu. Nikachomoa, nikarudisha. Cheupe. Nilijua kilichobaki. Nikaisogeza ile kaseti mdomoni, ikafika kwenye midomo yangu, nikaiona midomo yote ile ya kibandani imepanga foleni mbele yangu, nikatapika kwenye ndoo ya maranda. Basi, nikaoga. Nikaoga tena. Nikala matonge mawili, nikaoga mara ya tatu, nikalala.

Nikawa niko kibandani.

Ni mchana, jua la saa tisa linaingia kwenye matundu ya bati na kuanguka sakafuni vipandevipande. Benchi liko palepale. Vijana wamekaa, migongo yao imenielekea, wako kimya, na ukimya ule si wao. Jasho lao nalisikia. Kaka Rama amekaa kwenye stuli yake karibu na TV, amevaa shati la mistari, mguu wake mmoja umefungwa mfuko wa plastiki kama tulivyokuwa tunaufunga siku za mwisho ili majimaji yasidondoke. Nilijua amekufa. Katika ndoto ile sikusahau hata kidogo kwamba amekufa, nilijua tu kwamba leo yupo.

Nikamwamkia, "Shikamoo, kaka."

Hakuitika. Alinionyesha nafasi kwenye benchi. Nikaitazama nafasi ile, ina unyevu, sijui ni jasho au ni nini, nikavua kanga yangu ya mabegani nikaitandika kwanza ndipo nikae. Akaniangalia nilivyokuwa natandika, kona kwa kona. Akasema, "Bado tu?"

Sauti yake ilikuwa ileile, haina ukali. Nikaona aibu, lakini kanga sikuiondoa.

Halafu kuta za kibanda zinageuka. Bati linakuwa foma. Nyeupe huku, nyeupe kule, nyeupe juu, na naona viungo vyangu mwenyewe, misumari yangu, kona niliyoikosea kidogo nikaificha kwa rangi. Kumbe tuko ndani ya kabati. Mbele yetu kuna kioo, na nyuma ya kioo naona ukumbi wangu ukiwa mkubwa kama uwanja, makochi yamefunikwa vitambaa, sakafu imepigwa deki. Vijana hawapo tena. Tumebaki mimi na yeye, magoti yanakaribia kugusana, na mimi navuta yangu nyuma.

Kaka Rama anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, kama nilivyokuwa nikimwona baba akigonga nazi. "Kazi safi," anasema. "Umeziba kila mahali. Aliyemo ndani anapumua wapi?"

Nikakumbuka sikutoboa matundu ya hewa. Fundi wa miaka yote hiyo, nimejenga kitu chenye umeme ndani na sikukipa hata tundu la kidole. Nikataka kujitetea, nikaona hewa inaisha kweli. Na hewa inapoisha harufu inakuja. Naijua harufu ile. Ni ya mguu wake, tamu kidogo, kama embe lililooza chini ya kitanda, inapita kwenye mfuko wa plastiki na kujaa polepole mpaka usawa wa kifua, usawa wa shingo. Nikaziba pua. Nikaziba mbele yake, kama nilivyokuwa nikiziba alipokuwa hai, na yeye akageuza uso pembeni, kama alivyokuwa akigeuza alipokuwa hai, ili nisione kwamba ameniona.

Sijui kabati lilikwenda wapi. Sasa nimelala. Nimelala chali kitandani, chumba cha uani, dari naijua, ile yenye doa la maji. Mguu wangu unawaka moto kuanzia kwenye vidole mpaka gotini. Nina njaa, lakini si njaa ya chakula tu, nasikiliza mlango. Nimeusikiliza tangu asubuhi. Nyayo zinakuja, ndala zinapiga sakafu, nafurahi kama mjinga, najipangusa uso, najisogeza nikae vizuri mtu asije akanikuta vibaya.

Mlango unafunguka kiasi cha kiganja. Haingii mtu. Inaingia sahani, ya plastiki, ya bluu, inasukumwa sakafuni, na kinachoisukuma ni mguu. Ndala nyekundu, kisigino kimesuguliwa kwa jiwe kikasuguka, kucha zimepakwa rangi. Mguu unaisukuma sahani mara moja, mchuzi unamwagika, unaisukuma mara ya pili, unajirudisha upesi kama umegusa moto. Mlango unafungwa. Nyayo zinakwenda zikiwa na haraka kuliko zilivyokuja.

Nikazijua zile kucha. Ni zangu.

Nimeona mengi ya kunichefua maishani. Nimeona jipu likitumbuliwa kwa mwiba, nimeona panya aliyekufa kwenye tangi la maji tuliyokuwa tunakunywa. Kitu cha kutia kinyaa kama mguu ule sijapata kuona. Ulikuwa msafi, ndilo lililonichefua, msafi hata kwenye vidole, unanukia mafuta ya nazi, na ulikuwa unamlisha mtu kama anavyolishwa mbwa wa jirani. Nikataka kutapika na sikuwa na ndoo, kwa sababu kwenye chumba kile hatukuwahi kumwekea ndoo karibu, tulimwekea kona ya mbali.

Hilo la sahani ni kweli, si la ndotoni. Miezi mitano yote nilifanya hivyo. Nilimnunulia Kaka Rama sahani yake na kikombe chake, na chini nikavipaka alama ya rangi ya kucha visije vikachanganyika na vyetu. Nilikuwa nikimwambia Mama Shukuru kwamba daktari ndiye aliyesema. Daktari hakusema kitu kama hicho.

Tukawa tena kibandani, jua lilelile la saa tisa. Kaka Rama ananyoosha mkono, kwenye kiganja chake kuna kaseti.

"Puliza," akasema.

"Nimeshaisafisha, kaka."

"Umeyamaliza meno yake. Puliza."

"Nipulizie wewe."

"Mimi sina pumzi, Mwana. Nimekufa."

Nikaipokea. Ilikuwa na joto na unyevu, kama kitu kilichotolewa kinywani sasa hivi. Mende mmoja mdogo akatoka katikati ya meno, akapita kwenye kidole chake, akaingia mkononi mwa shati lake la mistari, na yeye hakushtuka. Nikaipeleka mdomoni. Ikafika hapa, chini ya pua. Nikaishusha. Nikaipeleka tena. Vijana wamerudi kwenye benchi, wote wamegeuka wananiangalia, hakuna anayecheka, wanangoja tu zamu zao. Nikaifuta kwa pindo la gauni, na nilipokuwa naifuta nikasikia aibu, nikaendelea kuifuta.

TV ikawaka yenyewe.

Kwenye kioo kuna mtu mdogo wa vipande vya rangi, kama walivyokuwa wale watu wetu wa gemu za zamani, anatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Lakini hatembei kama wao. Anaburuta mguu mmoja. Mkono wa kushoto umening'inia. Amejitanda kanga. Kulia kabisa mwa kioo kuna gari, mlango uko wazi, na ndani ya gari hakuna mtu. Nikamjua mama kabla hajafika katikati.

Naruka kwenye vitufe. Vile vyekundu vyangu, vipya, viko mbele yangu vinang'aa. Nabonyeza cha kusimamisha, hasimami. Nabonyeza cha kurudi, harudi. Nashika ule mkono wa kuchezea nauvuta mpaka unalia, mama anaburuta mguu tu, hatua, hatua, na mate yanamtoka yanadondoka kwenye kioo vipandevipande vyeupe. Nikasema, "Kaka, havifanyi kazi."

"Vipya hivyo," akasema. "Vimemjulia wapi?"

Nikakumbuka pedi. Pipa la jikoni likawa miguuni pangu. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Magamba ya samaki, wali uliochacha, pamba za masikioni, kitu cha uvuguvugu kilichoteleza katikati ya vidole, na nikawa nalia huku napekua kwa mikono yote miwili, mate ya kichefuchefu yamenijaa kinywani. Nikaipata. Pedi ya Kaka Rama, inanata, nongo zake zimeingia chini ya kucha zangu. Nikabonyeza.

Mama akasimama. Hatua mbili kutoka kwenye gari, akasimama, akageuka, akanitazama kupitia kioo. Hakuwa na uso, vile vitu havina uso, ni vipande viwili vya rangi tu. Lakini alinitazama.

Ndipo Kaka Rama akaniuliza, "Sahani yangu umempa nani?"

Nikainamia pedi.

"Nakuuliza, Mwana. Ile sahani yangu."

Nikasema, "Mama."

Akashika kola ya shati lake, akaivuta juu, akaziba pua. Kaka Rama, aliyekuwa akiokota embe kwenye matope akalifuta kwenye suruali akala. Kaka Rama aliyewakumbatia wale vijana wake na jasho lao na mafua yao. Aliziba pua akarudi nyuma na stuli yake, na kati ya wote mle ndani wa kuzibiwa pua nilikuwa mimi tu. Nikajinusa mikono, nikajinusa mabega, nikatafuta ni nini kinachonuka kwangu, mimi niliyeoga mara tatu. Nikataka kumshika mkono. Akauvuta upesi kama amegusa moto.

Akasema nyuma ya kola, "Gari lirudi tupu."

Nikaamka na honi.

Ilikuwa asubuhi kweupe, jua liko dirishani, na honi ilikuwa ya gari la Kilosa, dereva amewahi. Nikatoka na nguo za kulalia. Ukumbini kabati limewaka, usiku nilisahau kulizima, kioo cheupe tupu na joto limejaa ndani mpaka foma imeanza kuachia pembeni. Nikalipita. Mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi. Mama Shukuru alikuwa ameshamwosha mama na kumvisha, amemkalisha kwenye kiti, kanga mpya, viatu miguuni, kifurushi chake mapajani ameshikilia kwa ule mkono mmoja. Amejiandaa. Hakuna aliyemsikia akilalamika.

Nikamwambia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari limefika?"

Nilitoka mpaka kwa dereva nikamwambia safari haipo. Akaniuliza, "Mpaka lini, dada?" Nikamwambia haipo, si leo wala wiki ijayo, na nikampigia simu mama mdogo palepale mlangoni, nikapaza sauti mpaka akasikia. Niliporudi mama alikuwa hajaachia kifurushi. Nikakichukua nikakiweka uvunguni. Nikamwambia mwenyewe, sikumwachia Mama Shukuru anisemee, kwamba sikuwa napima pazia.

"Najua," akasema. "Pazia halipimwi chini."

Uji wake ulikuwa tayari, bakuli moja, kijiko kimoja. Mama Shukuru alitaka kuushika, nikamwambia aende nyumbani akapumzike. Nikavuta stuli nikakaa, magoti yangu yakagusa yake. Mama akaniangalia kwa lile jicho lake zima. Akasema, "Kakae mezani, Mwana. Huku utatapika."

Alisema kama mtu anayekukumbusha mwavuli. Miezi yote ile nilidhani nimejificha vizuri, na kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananificha. Nikamnywesha kijiko, nusu kikaingia, nusu kikateremka kidevuni, nikakikinga kwa kiganja. Kijiko cha pili nikanywa mimi. Kilikuwa na joto la mdomo wake, na uzi mwembamba wa mate. Nikameza. Cha tatu yeye, cha nne mimi. Nisiwadanganye kwamba ndoto iliniponya. Tumbo halioti ndoto. Kijiko cha sita kiligoma kooni, nikaweka bakuli chini, nikakimbia uani, nikatapika kwenye karo, vyote, mpaka nyongo.

Nikabaki pale nimeshika ukuta. Nilisukutua, nikanawa uso, na bado nikasimama, kwa sababu nilishindwa kufikiria nitarudi mle ndani na uso gani. Nililia, sio kidogo. Nilimlilia Kaka Rama kama sikuwahi kumlilia siku ya mazishi.

Dirisha la chumba kile linatazama karo. Nikasikia sauti ya mama, polepole, maneno yanatoka upande mmoja.

"Ulipokuwa mchanga ulikuwa unaharisha mpaka unanichafua kifuani. Mimi tumbo langu ndiyo hilo ulilolirithi. Nilikuwa natoka natapika hapo uliposimama."

Nikaachia ukuta, nikageukia dirisha.

"Halafu narudi," akasema. "Rudi basi, uji unapoa."